Maneno Niliyoyasikia Jikoni kwa Mama Asteria

Asteria alipopiga simu kuniambia kwamba mama yake amefariki, nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba moja ya kupanga huko Tabata, nimevaa gauni la mama mkwe na kilemba kikubwa, nasubiri kuitwa mbele ya kamera. "Dada Skola," alisema, "mama ametutoka asubuhi hii. Tunazika keshokutwa." Nikamwambia nitakuja. Nikakata simu, nikaitwa, nikaingia sebuleni kumsimanga mke wa mwanangu kwamba hajui kupika. Tulirudia mara kadhaa kwa sababu ya jirani aliyekuwa anachomelea mageti, na kila tulipoanza upya nilisimanga vizuri zaidi. Kijana aliyekuwa akituongoza akasema, "Mama, leo uko moto." Nililia baadaye, bafuni kwenye nyumba ile ile, bomba likiwa wazi ili wasinisikie. Nayasema haya mwanzoni ili msomaji ajue mimi ni mtu wa namna gani. Humaliza kazi kwanza.

Maisha yangu yote nimeigiza watu wa pembeni. Sijawahi kuwa bibi harusi wala mwanamke anayegombaniwa. Nimekuwa mama mwenye nyumba anayedai kodi, shangazi aliyekuja kukaa wiki moja akakaa mwaka, muuguzi mkali, jirani anayechungulia. Wanaokutana nami sokoni hunishika mkono wakacheka kabla sijafungua mdomo, halafu huuliza jina langu. Warembo nilioanza nao kazi, ambao picha zao zilibandikwa kwenye kuta za saluni, wengi waliacha zamani. Mimi bado naitwa. Waigizaji wadogo huniuliza siri ya kudumu, nami huwaambia: ukipewa sentensi mbili, usiingie mikono mitupu, ingia ukiwa na shughuli yako, kwa sababu mtu wa pembeni hajui kwamba yeye ni wa pembeni, ana sufuria yake inaungua mahali. Huandika kwenye simu zao. Siwaambii nilijifunza kwa nani, na kwa muda mrefu nilijidai kwamba sisemi kwa sababu niliombwa nisiseme.

Nilifika Ifakara nikiwa binti wa miaka ishirini na kitu, nimejiunga na kikundi cha maigizo cha mtu aliyeitwa Mkude. Tulikuwa tunazunguka bondeni na michezo ya kuelimisha watu, leo vyandarua, kesho vyoo, keshokutwa watoto wa kike waende shule. Mkude alinitafutia chumba Mlabani, uani kwa mwanamke aliyekuwa akiuza chakula karibu na soko, Mama Asteria. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, kigoda, na ukuta wa matofali ambao fundi aliuachia njiani. Haukufika kwenye bati. Upande wa pili wa ukuta huo ndiko kulikuwa na jiko. Kwa hiyo nililala na moshi wake, na harufu ya mchele mpya unaotokota, na kila neno lililosemwa huko. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Maji yalitanda mpaka njia za kwenda mashambani zikapotea, maonyesho yakasimama, nasi tukakaa tu. Mama Asteria hakuniuliza kodi. Jioni tulikula sinia moja, yeye, mimi na bintiye Asteria aliyekuwa darasa la nne, wali na kambale wa kukaushwa aliyeungwa kwa nazi, na kipande cha kichwa alikisogeza upande wangu kwa kidole, bila kusema, kwa sababu aliona siku ya kwanza kwamba ninapenda kichwa.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na alikuwa na tabia ya kucheka kabla ya kusema jambo chungu, kama mtu anayepiga hodi. Mume wake alikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa na hakurudi. Watu walisema ana mwanamke mwingine huko, na hata Asteria alilijua hilo. Mama mwenyewe, mbele za watu, alikuwa na jibu moja: "Yuko kazini." Lakini alfajiri, akiwasha moto, alidhani nimelala, na hapo aliongea naye. Aliongea kama mtu anavyoongea na mume aliyekaa mlangoni anavaa viatu. "Asteria amefaulu hesabu, Baba Asteria. Bati la upande wa shule linavuja. Nimepata kambale wazuri leo, wanene." Kisha unamsikia anapuliza moto, anakohoa. Kisha kicheko kile kidogo. "Haya, usije. Nani kakuita?" Najua hapo anajipangusa mikono kwenye kanga kama nilivyomwona kila mchana, kidole kimoja kimoja, taratibu, kama anayevua pete. "Usije basi. Wali wenyewe hautoshi." Na kila siku, wali ulipoiva, alikuwa anapakua sahani moja anaifunika, anaiweka juu ya kinu kilichogeuzwa. Mchana ukifika hajaja mtu, anampa Asteria amalizie.

Mvua zilipopungua Mkude alituita kwenye ukumbi wa parokia kufanya mazoezi ya mchezo mpya. Ulikuwa juu ya wanaume wanaotelekeza familia. Rehema, msichana mzuri kuliko sote, alipewa nafasi ya mke mpya wa huko kwenye miwa, mwenye gauni la kung'aa na kucheza muziki. Mimi nilipewa mke aliyeachwa. Alikuwa anatokea mara mbili tu, na maneno yake yalikuwa kama ya kwenye bango la ukutani: "Mume wangu amenitelekeza, watoto wanateseka." Nilinuna. Nikamwambia Mkude nami naweza kucheza muziki. Akaniangalia, si kwa ubaya. "Skola, wewe sura yako si ya kutazamwa. Ni ya kuaminiwa. Haya maneno niliyoandika ni mabovu, najua. Yatupe. Mtafute huyo mwanamke, yupo mahali fulani hapa hapa anapika, kisha uniletee."

Sikuwa na haja ya kumtafuta. Kesho yake alfajiri nililala nimefumbua macho gizani, na kwa mara ya kwanza nilisikiliza kwa makusudi. Naikumbuka vizuri tofauti hiyo. Kabla ya siku ile maneno yalinijia tu kupitia ukutani kama moshi, na mengine yalinihuzunisha. Kuanzia siku ile niliyasubiri. Nilijua "haya" yake anaisema akivuta pumzi ndani, si akiitoa. Nilijua anapotaja jina la mume sauti inashuka, na anapotaja bati inapanda. Midomo yangu ilikuwa inamfuata chini ya shuka. Asubuhi moja alinyamaza muda mrefu, nikajikuta nimekasirika, kama mtu aliyelipa kiingilio. Ndani ya wiki chache, siwezi kusema kwa uhakika ni lini, yule mwanamke aliacha kuwa Mama Asteria kichwani mwangu akawa wangu. Nilimpa jina jingine, nikamfunga kilemba cha rangi nyingine, nikaona nimeumba mtu.

Ndiyo maana nilimwalika. Watu hawaniamini nikisema hili, na wakati mwingine mimi mwenyewe siamini. Tulipokuwa tunajiandaa kuonyesha kwenye uwanja karibu na soko, mimi ndiye niliyembembeleza afunge biashara mapema aje anione. "Mama, siku zote unanilisha, njoo basi uone kazi ninayoifanya." Alifurahi. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akamsuka Asteria upya. Nikawawekea viti mbele kabisa, mstari wa viongozi wa kata.

Rehema alicheza, watu wakapiga miluzi. Kisha nikaingia na sufuria, nikapiga magoti, nikapuliza moto usiokuwepo. Nikaanza kuongea na mume. Kicheko kilianza nyuma, kwa wanawake, kikaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya mashamba ya mpunga, unaiona kabla haijakufikia. Sikuwahi kusikia kitu kama kile, wala sikujua kwamba mwili unaweza kukishikilia kitu kikubwa namna ile na kukiongoza. Mama Asteria naye alikuwa anacheka, ameziba mdomo, mabega yanatikisika. Nikavuta pumzi ndani. "Haya, usije. Nani kakuita?" Uwanja ukalipuka. Nikaanza kujipangusa vidole kwenye kanga, kimoja kimoja, na wakati kicheko kinatulia, Asteria, kwa furaha tupu ya mtoto aliyetambua kitu, akapaza sauti: "Mama, ni wewe huyo!"

Mkono wa Mama Asteria ulikuwa bado mdomoni. Haukushuka. Waliokaa karibu waligeuka kumtazama, kisha wakanitazama mimi, kisha yeye tena, na nikaona jinsi habari inavyosafiri kutoka kiti hadi kiti. Ningeweza kuishia hapo. Ningeweza kuruka sehemu iliyobaki, Mkude angegomba, basi. Lakini nilikuwa bado sijafika kwenye wali usiotosha, na nilijua ndiyo sehemu bora. Nikaendelea.

Nilirudi nyumbani nimechelewa kwa makusudi. Chakula changu kilikuwa kimefunikwa, kichwa cha samaki kikiwa upande wangu. "Kula, mwanangu," alisema, "umechoka." Alfajiri ya kesho yake nilisikia kuni zikivunjwa, nikasikia kiberiti, nikasikia moto. Hakusema kitu. Wala siku iliyofuata. Nililala nikisubiri sauti nyuma ya ukuta ule mpaka wali ukaiva, siku baada ya siku, na sikuisikia tena muda wote nilioishi pale.

Sokoni hali ilikuwa mbaya zaidi. Wapakiaji wa magunia walikuwa wakifika kula wanasimama mbali kidogo wanaita, "Mama, tuje au tusije? Nani katuita?" Hawakuwa wabaya, walimpenda, walikuwa wateja wake. Mwanzoni alicheka nao. Baadaye alikuwa anapakua tu. Siku moja nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo, nikapiga magoti pembeni yake. "Mama, naomba unisamehe."

"Kwa kosa gani?"

"Kwa yale ya uwanjani."

Aliendelea kuchambua, anatupa mawe madogo kwa kuku. "Ulisema uongo?"

"Hapana, mama."

"Basi kosa liko wapi?" Akacheka kile kicheko cha kupiga hodi, nami nikajikaza nikijua jambo chungu linakuja. "Ila mimi nilidhani nasema na moto tu."

Nilimweleza Mkude kwamba nataka kubadilisha ile sehemu. Alinisikiliza, akasema, "Ukiitoa hiyo, mchezo unabaki na nini? Gauni la Rehema?" Nikasema sawa. Sikubishana hata kidogo, na hilo ndilo ninalolirudia zaidi nikikosa usingizi, kuliko hata uwanjani. Uwanjani nilikuwa sijui litamfikisha wapi. Mbele ya Mkude nilijua kila kitu, na moyoni nilishukuru kwamba amekataa. Tulipanda treni tukaenda Mbingu, na kule wanawake waliacha mabeseni yao ya mihogo stesheni wakatufuata mpaka uwanjani. Tukaenda Idete, ambako mzee mmoja alilia waziwazi. Kila mahali niliongeza kitu. Mbingu niligundua kwamba nikikawia kabla ya "nani kakuita" kicheko kinaongezeka. Idete niligundua kwamba nikikawia zaidi, hawacheki, wananyamaza, na ukimya ule ni mtamu kuliko kicheko. Hapo ndipo nilipokuwa mwigizaji. Nikitaka kuwa mkweli juu ya kazi yangu, sina mahali pengine pa kuanzia isipokuwa hapo.

Kisha tukaenda Mang'ula. Waliokuja kututazama wengi walikuwa wafanyakazi wa miwa, watu wa makabila yote, waliochoka na wenye kelele, na walikipenda kichekesho kile wakaondoka nacho. Sikujua kwamba miongoni mwao wapo waliofanya kazi na Baba Asteria, na walikwisha kusikia maneno ya sokoni Ifakara kwamba mwanamke yule ni mkewe. Walimpelekea kama zawadi. Mkeo huko Ifakara kila siku anakupakulia, watu wanamcheka uwanjani.

Alikuja mchana, siku ya gulio, benchi zimejaa. Tulikuwa tumesharudi Ifakara, nami nilikuwa nasaidia kuosha sahani. Nilimwona mwanamume mnene kiasi, mwenye shati safi, amesimama mwanzo wa benchi anatabasamu, na sikujua ni nani mpaka nilipomwona Asteria amesimama wima na jagi la maji. Akafungua mikono kama anayeingia jukwaani. "Haya, nimekuja! Nani kaniita?"

Benchi zote zilicheka. Yeye mwenyewe alicheka sana. Mama Asteria hakugeuka haraka. Alipakua wali, akamimina mchuzi, akachagua kipande kizuri cha mgongo, akamwekea mbele yake. "Karibu." Akala. Alisimulia wenzake wa benchi habari za huko, akawachekesha, akamuuliza Asteria yuko darasa la ngapi na hakusubiri jibu. Alipomaliza alinawa, akaingiza mkono mfukoni, akaweka hela ya chakula mezani kama mteja yeyote, akaaga, akaondoka kuelekea stendi.

Mama Asteria aliiangalia ile hela. Akaichukua, akaitia kwenye kopo pamoja na za wengine, akasema, "Asteria, futa meza." Ni hayo tu. Lakini kuanzia siku ile hakupakua sahani ya kufunika. Kinu kiligeuzwa kikarudi kutwanga.

Watu wenye huruma wameniambia kwamba nilimfungua, kwamba bila mimi angemngoja mwanamume yule mpaka kufa. Inawezekana. Baadaye aliongeza meza, akasomesha mtoto, akajenga. Lakini mimi sikwenda kumfungua mtu. Nilikwenda kutafuta sentensi nzuri. Kama mlango ulifunguka, ni kwa sababu nilikuwa naiba na nikauacha wazi.

Mwaka ulipokuwa unaisha, mtu wa redio aliyetuona Mang'ula alimwambia Mkude anamtaka "yule mama wa jikoni" mjini kwa mchezo wa kila wiki. Hakumtaka Rehema. Mama Asteria alinifungia mchele kwenye mfuko wa khaki na samaki wakavu kwenye gazeti, akanisindikiza mpaka nje ya ua. Nilitaka aseme jambo, hata tusi. "Nenda vizuri," alisema. "Huko uendako wakikuuliza, usinitaje." Nikaahidi. Na ahadi hiyo nimeitimiza kwa uaminifu kuliko nyingine zote maishani. Kila mwandishi aliyeniuliza yule mama alitoka wapi, nilimjibu, "Nilibuni tu." Wakaandika kwamba nina kipaji. Nilituma salamu na mara chache zawadi kwa Asteria. Kwenda, sikwenda. Daraja la mtoni lilijengwa, barabara ikawekwa lami, kisingizio kimoja kimoja kikaniishia, na bado sikwenda.

Safari hii nilikwenda. Waombolezaji walikuwa wamejaa uani, na nilipoingia nikaona kile ambacho kila mwigizaji hukiona: nyuso zinazotaka kutabasamu zikakumbuka ni msibani. Asteria sasa ni mwanamke mkubwa, mwalimu mkuu, mrefu kama mama yake. Alinikalisha karibu naye kwenye mkeka. Nilimuuliza jambo nililotaka kuuliza miaka yote, kama mama aliwahi kuniona kwenye televisheni.

"Ukitokea, alikuwa anatoka nje," alisema.

"Kwa hasira?"

"Sijui, dada. Alikuwa anakaa pale uani mpaka kipindi kiishe. Halafu anauliza, 'Kamaliza?' Tukisema kamaliza, anarudi ndani."

 Sikumlazimisha anitafutie sababu.

Tulipotoka makaburini, kabla chakula hakijagawiwa, wazee wa ukoo walianza kunung'unika kwamba watani hawajafika, kwamba marehemu Mpogoro anaondoka bila mtu wa kumtania na kumwigiza kama hana watu. Mimi ni Mngoni, na Wangoni na Wapogoro ni watani. Asteria alikuwa anajua, wote walikuwa wanajua. Aliingia ndani akatoka na kitenge cha mama yake na mwiko, akaja kusimama mbele yangu. "Mtani ni wewe," alisema. "Simama umcheze."

"Asteria, mimi siwezi. Si mimi."

"Nani anamjua kuliko wewe?" Hakusema kwa kunichoma, wala kwa kunisamehe. Alikuwa na macho mekundu na alitaka kumwona mama yake.

Nikajifunga kitenge. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba sitaligusa lolote lililosemwa alfajiri zile nyuma ya ukuta. Nikamchukua mahali pengine, sokoni, siku alipogombana na muuza samaki aliyemletea kambale aliyelala. Nikaufanya mwiko kuwa yule kambale, nikamshika mkiani kwa vidole viwili, nikamnusa, nikamsogeza sikioni kana kwamba ananinong'oneza amekufa tangu lini. Sauti yake ikatoka kooni mwangu yenyewe, haikuniuliza. Nikasikia mtu wa kwanza akicheka, kisha wanawake wa nyuma, kisha ua mzima, na Asteria amejikunja anacheka na machozi yanamtoka, akipiga mkeka kwa kiganja. Nami, Mungu anisamehe, nikasimama pale pale na samaki wangu mkononi nikisubiri kicheko kipungue, kwa sababu nilijua kikipungua kidogo tu, nikaongeza neno moja, kitarudi kikubwa zaidi.